Kidole cha Mama Zipu

Kosa alilotendewa Mama Zipu ni hili: aliandikwa kitabuni kwamba aliuza soko, naye hakuuza. Aliyemwandika ni msomi mwenye miwani na sauti ya taratibu, na kitabu chake kilisifiwa, kikapangwa kwenye madirisha ya maduka, kikasomwa mpaka redioni. Mama Zipu mwenyewe aliulizwa nusu ya swali, akajibu nusu, na kwa nusu hiyo akatengwa na watu aliokaa nao miaka ishirini na miwili.

Mama Zipu si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na kazi. Kibanda chake kilikuwa kati ya wauza ndoo na wauza nafaka, na humo alitengeneza zipu za kila namna: za mabegi ya shule, za masanduku ya safari, za magauni ya harusi yaliyogoma dakika ya mwisho, na za suruali za wanaume walionenepa ambao hawataki kukubali kwamba wamenenepa. Alikuwa na koleo mbili ndogo, kipande cha mshumaa cha kulainishia meno ya zipu, kopo lililojaa vichwa vya zipu, na sindano nene ya kushonea ngozi. Sindano hiyo iliwahi kumteleza ikampasua kidole gumba cha kulia. Kidonda kilipona, lakini kiliacha mstari uliolala katikati ya kidole kama mkunjo wa kitambaa kilichopigwa pasi vibaya.

Shule hakwenda. Baba yake alisomesha watoto wa kiume, na zamu ya wasichana ilipofika akawa amechoka. Mama Zipu hakulificha jambo hilo wala hakuliombea huruma. "Mimi sisomi," alikuwa akisema, "lakini anayenisomea nikimtazama usoni najua kama anaruka mistari."

Wanawake wa soko walimchagua awe msemaji wao kwa sababu hakuogopa meza. Wengine wakiingia ofisini na kukuta mtu nyuma ya meza, maneno yanawakauka. Yeye alikuwa akivuta kiti kabla hajakaribishwa, anakaa, anaweka mkoba mapajani, kisha anamwambia ofisa, "Haya baba, tuanze na lile la choo."

Siku moja baraza la mji liliitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi iliyo karibu na soko. Walitaka kubomoa vibanda wajenge jengo la ghorofa. Mlangoni alikaa karani na karatasi. "Mama, jina hapa na saini. Kama husaini, kidole. Ni mahudhurio tu, tujue chai ya watu wangapi." Mama Zipu akiwa msemaji akatangulia. Akachovya kidole kwenye wino, akakibandika mstari wa kwanza. Nyuma yake akafuata Mama Mizani, muuza nafaka, rafiki yake wa kushirikiana hadi kijiko, na nyuma ya Mama Mizani wakafuata wengine arobaini na kitu.

Humo ndani Mama Zipu alisimama mara tatu na mara zote tatu alikataa. Mara ya tatu alimwambia ofisa mkuu kwamba ghorofa haiwezi kuuza mchicha, kwa sababu mnunuzi wa mchicha hapandi ngazi. Darasa zima lilicheka. Ofisa naye alicheka, akafunga faili, akasema maoni yamepokelewa.

Mwaka uliofuata vibanda vilibomolewa. Kwenye faili la baraza kulikuwa na karatasi mbili zilizobanwa kwa stepla. Ya mbele ilipigwa chapa: sisi wafanyabiashara tuliotia saini hapa chini tumekubali kuondoka kwa hiari yetu. Ya nyuma ilikuwa ile ya vidole, ya chai.

Wanawake hawakuijua hiyo karatasi ya mbele. Walijua tu kwamba serikali ina nguvu na wao hawana. Walisogea na bidhaa zao kwenye uwanja ulio nyuma ya gereji, wakatandika maturubai, wakaanza upya wakiwa bado wanapendana.

Ndipo msomi akaja. Alikuja asubuhi, akiwa na mkoba wa ngozi uliofungwa kwa kamba kwa kuwa zipu yake ilikuwa imekufa. Aliketi kwenye kigoda cha Mama Zipu, akasema anaandika kitabu juu ya siasa za miji na maisha ya watu wadogo. Mama Zipu hakulipenda hilo la watu wadogo, lakini alinyamaza kwa sababu mtu alikuwa na adabu. Msomi akatoa fotokopi ya karatasi ya vidole, peke yake.

"Mama, samahani. Hiki kidole cha kwanza ni chako?"

Mama Zipu aliishika karatasi, akaisogeza kwenye mwanga. Aliuona ule mstari uliolala. "Changu kabisa. Huo mkato ni wa sindano, angalia." Akamwonyesha kidole chenyewe.

Msomi akaandika kitu kwenye daftari, akashukuru. Mama Zipu akachukua mkoba wake, akaubadilishia kichwa cha zipu, akaupaka mshumaa, akauvuta mara tano mpaka ukawa unateleza. Yule mtu akaondoka na mkoba mzima. Aliuliza kidole. Karatasi hakuuliza.

Kitabu kilipotoka hakuna aliyekijua pale sokoni. Kilijulikana kwa redio. Mama Mizani alikuwa na redio juu ya magunia, na asubuhi moja mtangazaji alisoma kipande cha kitabu kipya kinachozungumzwa mji mzima: jinsi wanyonge wanavyouzwa na mmoja wao. "Kiongozi wao, mwanamke fundi wa zipu, ndiye aliyetangulia kutia kidole kwenye hati ya kukubali. Wenzake wakamfuata bila kuuliza."

Mama Mizani aliizima redio. Alikuja mpaka kwenye turubai la mwenzake akiwa na kopo la kupimia mkononi.

"Wewe, umesikia?"

"Nimesikia. Uongo mtupu."

"Kidole si chako?"

"Kidole changu."

"Sasa uongo uko wapi?"

"Ile ilikuwa ya chai, dada! Si ulikuwepo? Na wewe ulitia!"

"Mimi nilikufuata wewe," alisema Mama Mizani. "Nilikufuata wewe, mwenzangu. Ningejuaje ulichoahidiwa?"

Kwa neno hilo yakaisha yote. Kabla ya adhuhuri mkoba wa kazi za usemaji, wenye muhuri na daftari, ulichukuliwa ukapewa muuza ndoo, mtu ambaye akimwona ofisa anaanza kukohoa. Salamu zikapungua, kisha zikakoma. Turubai la Mama Zipu likawa na nafasi tupu kushoto na kulia, kama meno yaliyong'oka. Mteja akiuliza fundi wa zipu yuko wapi, anajibiwa, "Yule? Atakutengenezea zipu na begi akuuzie." Halafu watu wanacheka, kwa sauti ambayo amekusudiwa aisikie.

Alikaa hivyo miezi minane. Hakuhama. Alisema akihama atakuwa amekiri.

Aliyemletea habari ni binti wa mdogo wake, msichana mwenye akili ya haraka anayefanya kazi duka la fotokopi. Alikuwa ameazima kitabu maktaba, akaja kumsomea ukurasa uliomtaja, wenye picha ya zile karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Mama Zipu alitaka usomwe mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anausema pamoja naye.

"Mama mkubwa," alisema binti, "huyu mtu anakuja Jumamosi. Kuna tamasha la vitabu kwenye ukumbi wa maktaba kuu. Waandishi wanakaa mbele wanaongea vitabu vyao, watu wanauliza maswali. Kuingia bure. Lakini mimi naona tumwandikie barua tu."

"Barua ataisoma peke yake. Mimi nilitukanwa mbele za watu."

"Kutakuwa na watu wakubwa pale."

"Ndiyo maana nataka kwenda. Wadogo wote wameshasikia."

Jumamosi alivaa gauni lake la kijani na viatu vya kufunga. Kwenye uwanja wa maktaba kulikuwa na mahema meupe, meza za vitabu, na watu wanaosalimiana kwa kukumbatiana huku macho yakitafuta mwingine wa maana zaidi. Kila mtu alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye maandishi ya tamasha. Mama Zipu alimshika mmoja aliyepita karibu, akageuza mpini wa mfuko wake, akatikisa kichwa. "Mwanangu, usitie kitabu kizito humu. Huu umeshonwa mshono mmoja, utakuaibisha barabarani." Yule kijana akacheka akidhani ni sehemu ya burudani.

Mlango wa ukumbi ulikuwa na meza, na mezani msichana mwenye kitambulisho shingoni. "Karibu mama. Jina, simu na saini hapa."

Mama Zipu alisimama. Binti akahisi mkono wa mama yake mkubwa ukimbana kwenye kiwiko. "Nisomee hiyo."

"Ni orodha tu, mama mkubwa. Namba, jina, simu, saini."

"Juu yake pameandikwa nini?"

Binti akainama. "Juu hapana kitu."

"Hakuna kichwa?"

"Hakuna."

"Wa kwanza nani?"

Binti akasoma jina la kwanza. Lilikuwa la msomi.

"Mimi kidole sitii," Mama Zipu alimwambia msichana wa mezani, kwa upole kabisa. "Nihesabu kwa macho." Msichana akashangaa, lakini foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, akawapisha.

Ukumbini walikuwa kama watu mia tatu. Mbele waliketi waandishi watatu na kijana mwenye kadi mkononi aliyeongoza mazungumzo. Mmoja alikuwa mwanamke aliyeandika juu ya mavazi na heshima, mwingine mzee wa magazeti aliyeandika juu ya uchaguzi, wa tatu msomi. Mama Zipu alikaa safu ya nne, ubavuni pa njia.

Alitarajia kuwachukia wote, lakini ikamshinda. Yule mwanamke alisema mambo ya kweli juu ya wanaume wanaopima utu wa binti kwa urefu wa sketi, na Mama Zipu, aliyeteremsha pindo za sketi nyingi kwa amri za akina baba, akajikuta anaitikia "kabisa" kwa sauti. Mzee wa magazeti alisema mgombea akikushika mkono kwa mikono miwili, hesabu vidole vyako ukitoka. Watu walicheka, naye akacheka.

Kisha kijana wa kadi akamgeukia msomi. "Wanasema kitabu chako ni kikali kwa wanyonge wenyewe. Unajibuje?"

"Sikuwa mkali," alisema msomi kwa ile sauti yake ya taratibu. "Nilikuwa mwaminifu kwa nyaraka. Mtu husahau, mtu hutia chumvi. Karatasi haitii chumvi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Zipu akatulia, mikono juu ya mkoba, akangoja makofi yaishe.

Maswali yalipofunguliwa, mkono wake ulikuwa wa kwanza juu. Kijana akamwona, akasema, "Mama wa gauni la kijani. Swali fupi tafadhali, si hotuba."

"Hotuba nawaachia nyinyi," alisema Mama Zipu, na kipaza sauti kikapeleka sauti yake mpaka nyuma. "Mimi ni fundi wa zipu. Wa ukurasa wa themanini na saba, chini ya picha."

Palitokea mnong'ono. Msomi alisogea mbele kwenye kiti.

"Kabla sijauliza lolote, naomba yule binti wa mlangoni aniletee karatasi mliyosaini wote mlipoingia." Msichana akaleta, labda kwa sababu hakuna aliyemkataza. Mama Zipu akaiinua juu. "Nani kati yenu aliyeuliza hii karatasi ni ya nini?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Ni ya mahudhurio," alisema mtu nyuma.

"Nani kakuambia? Haina kichwa. Nimesomewa, juu ni peupe. Nyinyi mmesoma mpaka mkavaa miwani, na mmetia saini kwenye karatasi isiyo na kichwa, kwa sababu mlikaribishwa vizuri. Kesho mtu akipiga chapa karatasi nyingine, kwamba waliosaini wamekubali maktaba hii ibomolewe, akaibana mbele ya hii, nyinyi mtakuwa mmeiuza. Na aliyetangulia kusaini," akaikabidhi karatasi kwa binti wa mdogo wake, "hebu somea watu."

Binti akasoma jina la msomi. Kicheko kilianza upande mmoja, kikafa chenyewe.

"Mimi kidole changu nilikitia kwa ajili ya chai," alisema Mama Zipu. "Ndani ya mkutano nilikataa mara tatu. Wewe baba ulikuja kwangu, ukakaa kwenye kigoda changu, nikakutengenezea na mkoba. Ukaniuliza kidole ni cha nani. Kwa nini hukuniuliza karatasi ni ya nini? Ukaniandika mimi nimeuza watu. Na aliyebana ukurasa wa mbele mbona hukumwandika? Kidole changu ulikiona, mkono wake hukuuona?"

Msomi alivua miwani.

"Ile ya vidole ilikuwa na matundu manne ya pini za stepla," alisema polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Ya mbele ilikuwa na mawili. Niliyaona. Ina maana ya nyuma ilikuwa imebanwa mahali pengine kwanza. Niliyaona na sikuyafikiria."

"Karatasi haitii chumvi," mzee wa magazeti alinong'ona karibu na kipaza sauti chake, na watu wakasikia.

"Mama, nimekukosea," alisema msomi. "Nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Chapa ya pili ya kitabu nitarekebisha ukurasa huo."

Makofi yakalipuka. Mama Zipu akainua mkono ule ule wenye mkato mpaka yakapoa.

"Ahsante, radhi yako nimeisikia. Lakini hawa hawakunifukuza. Walionifukuza hawana hicho kitabu chako, cha kwanza wala cha pili. Wao walisikia redioni, kwa mdomo wa mtu. Utakuja sokoni, nyuma ya gereji, usimame kwenye magunia ya Mama Mizani, useme kwa mdomo wako haya uliyoyasema hapa. Ya matundu usiyasahau."

"Nitakuja."

"Nitakuja ni ya lini?"

Watu wakacheka, na safari hii msomi alicheka nao, kwa shida. "Jumanne," alisema.

Jumanne hiyo Mama Zipu alifagia mbele ya turubai lake na la jirani. Alikuwa ameshawaambia wote, hakuna aliyemjibu, lakini wote walikuwa wamekuja mapema na wengine walivaa vizuri. Saa nne ikafika, saa sita ikapita. Saa nane simu ya binti ikalia: msomi ameitwa ghafla kwenye tamasha jingine, nchi ya mbali, atakuja akirudi. Muuza ndoo akakohoa. Watu wakarudi kwenye biashara zao.

Jioni wakati wa kukunja maturubai, Mama Mizani alipita karibu, akasimama umbali wa hatua mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya redio.

"Nimesikia ulivyowapa kule."

"Nani kakuambia?"

"Mtu wa simu, amerekodi. Umewapa kweli." Alishika kiuno. "Lakini kusema umesema wewe. Na sisi tulijua utasema, wewe mdomo unao. Yeye ndiye tunayemngoja."

"Mngojeni," alisema Mama Zipu. "Atakuja. Nikiona anachelewa namfuata tamasha kwa tamasha, mikono juu, gauni la kijani. Atachoka yeye."

Mama Mizani alitaka kucheka akajizuia, akaenda zake bila kuaga.

Mpaka sasa msomi hajafika. Amerudi safari, anaandika makala, juzi alikuwa redioni, na chapa ya pili ya kitabu bado haijatoka. Anadaiwa Jumanne yake, kwa miguu yake na mdomo wake, mbele ya magunia, na Mama Zipu hajaipunguza hata dakika. Mama Mizani anadaiwa salamu kamili, ya kuita jina, na yeye mwenyewe anajua anadaiwa. Na yupo ofisa wa baraza la mji, yule aliyecheka ya mchicha, akafunga faili, kisha akalifungua tena peke yake akiwa na stepla. Huyo hajaandikwa na mtu yeyote, hajaitwa tamasha lolote, na bado anakaa nyuma ya meza ile ile. Anadaiwa na soko zima, kuanzia kidole cha kwanza mpaka cha mwisho.